Kibodi ya Mama

Ugomvi ulianza na herufi A. Mama alikuwa ameandika ukurasa mzima wa habari za ukoo wetu, akaenda kuuchapisha kwenye steshenari ya karibu na stendi ya Muheza, akarudi nao umekunjwa mara nne. Akautandaza juu ya meza ya chakula, mbele yetu sote. Mstari wa kwanza ulisema: "Bab yetu lizaliw Mgila." Chini yake yalifuata maneno yaliyozidi herufi badala ya kupungua: kkwa, ssisi, wattoto.

"Kompyuta yenu hii haina adabu," alisema. "Inanila herufi, halafu inanirudishia nisizozitaka."

Kompyuta ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni mkono wa Mama. Kidole cha mwisho cha kushoto kimekazwa na baridi yabisi, na vidole vingine vimeanza kutetemeka kwa umri. Miaka yote ya kazi Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge. Aliandika barua, orodha za mishahara na hesabu za marobota kwenye taipureta, macho yakiwa kwenye karatasi na vidole vikijiendea vyenyewe. Mpangilio ule wa herufi aliuchukua kutoka kwenye taipureta hadi kwenye kompyuta bila kufundishwa upya, kwa sababu ni ule ule. Ulitoka Marekani katika miaka ya 1870, kwenye mashine ya Christopher Latham Sholes ambayo kampuni ya Remington iliiingiza sokoni, na walioupanga walikuwa wakiandika Kiingereza.

Sisi tunaoandika Kiswahili tumeurithi ulivyo. Q na X hazina kazi kabisa katika Kiswahili sanifu, lakini zimepewa vitufe vyao. C haitembei bila H. Na A, herufi tunayoigusa kuliko zote, imewekwa chini ya kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Kijana hatalitambua hilo. Mtu ambaye kidole hicho kimekataa kukunja hulitambua katika kila neno.

Mjomba alikuwepo siku hiyo. Alikuwa ameshuka kutoka Lushoto na kikapu cha plamu na mapea, na kwa kuwa ni mdogo wa Mama aliyemfuata ziwa, hujiona ana haki ya kutoa hukumu.

"Dada, mbona unajitesa? Huyu binti yako yupo. Wewe sema, yeye aandike."

"Nikisema, ataandika ya kwake," Mama akajibu. "Nikiandika mwenyewe, ndipo ninapokumbuka."

Hapo Mjomba alinyamaza, maana alijua dada yake anasimama juu ya jambo gani. Bonde letu limezoea kuandika mapema. Wamisionari wa UMCA waliokaa Magila walitoa gazeti la Habari za Mwezi kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa karne ya 19, na Mama amekulia katika nyumba ambamo kujua kuandika kulihesabiwa kuwa mali. Alipostaafu aliahidi kuwaachia wajukuu habari za ukoo, kuanzia Magila hadi mashamba ya mkonge. Kumnyang'anya kibodi kungekuwa kumnyang'anya ahadi yake.

Mdogo wangu, fundi simu wa pale stendi, ndiye aliyetoa wazo. Alisema hatutanunua kibodi nyingine, maana zote za dukani zimepangwa vile vile. Tutaunda yetu, na akili yake tutaipanga kufuata mkono wa Mama.

Akatueleza akichora nyuma ya ukurasa ule ule ulioharibika. Ndani ya kila kibodi mna chipu ndogo inayotazama vitufe wakati wote, na ndani ya chipu mna programu, fimwea, inayoamua kitufe fulani kikibonyezwa itumwe herufi gani. Kibodi ya dukani mara nyingi huwa imefungwa. Programu yake huioni wala huibadilishi. Lakini ipo fimwea ya chanzo huria iitwayo QMK. Ilianzia kwenye kazi ya Mjapani Jun Wako, aliyeandika TMK na kuiacha wazi. Jack Humbert wa Marekani akaichukua, akaiendeleza, na watu wengi wa nchi nyingi wakaongeza ya kwao. Yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuipakia kwenye kibodi aliyoiunda kwa mikono yake.

"Kwa hiyo herufi haikai kwenye kitufe?" Mama aliuliza.

"Haikai, Mama. Inakaa kwenye faili. Kitufe ni mahali tu."

Mama aliitazama ile michoro kwa muda mrefu. Kisha akasema neno lililoanzisha vurugu za nyumba yetu kwa msimu mzima: "Basi fanya, baba."

Vifaa vilikuja kidogo kidogo. Chipu ilikuwa Raspberry Pi Pico, kibao chembamba kilichotolewa Uingereza mwaka 2021 kwa bei ya dola 4, chenye miguu 26 inayoweza kuunganishwa na vitu vya nje. Swichi na vifuniko vyake viliagizwa nje, vikapokelewa Dar es Salaam na kupanda basi hadi kwetu. Dayodi, vile vipande vya kioo vidogo kama punje ya mpunga, zilitoka Kariakoo. Bati la alumini la unene wa milimita 1.5 lilitobolewa na fundi kwa tupa, matundu ya mraba ya milimita 14 kila upande. Mama alishikilia kwamba matundu yapishane kama yalivyopishana kwenye taipureta, asije akapotea njia. Sanduku lilitoka kwa seremala aliyekuwa na vipande vya mtiki. Kwetu mtiki si ubao wa mbali, maana msitu wa kupandwa wa Longuza upo ndani ya wilaya hii hii.

Taabu ilianza vifaa vilipohitaji meza. Meza kubwa tunayo moja tu, na ndiyo tunayolia. Mdogo wangu aliichukua yote. Dayodi zikapangwa kwenye sahani za chai, nyaya zikaning'inizwa kwenye migongo ya viti, na kopo la risasi ya kulehemu likakaa palipokuwa chumvi. Tukahamia mkekani. Mama, ambaye maisha yake yote hajakubali mtu ale nyumbani kwake akiwa amesimama wala amejilaza, alikula mkekani bila kulalamika. Mjukuu alifurahi kwa sababu mkekani hakuna anayehesabu nani amemaliza mchicha. Mimi ndiye niliyebeba sinia kila jioni nikipita kando ya chuma cha moto, huku nikikumbusha kila mtu asivute waya.

Alivuta paka. Chuma cha kulehemu kiliangukia kitambaa cha meza cha plastiki, kile chenye picha za zabibu ambacho Mama alikipenda, kikatoboa tundu na kujaza nyumba moshi wenye harufu ya gurudumu linaloungua. Jirani alikuja mbio akidhani ni jiko. Baada ya siku hiyo ilipitishwa sheria: chuma kikiwaka, paka anafungiwa nje, na pasi ya nguo haichomekwi, kwa sababu uniti za LUKU zilikuwa zikiisha kabla ya mwezi.

Lakini nilipokaa karibu na mdogo wangu kumshikia taa, niliona kazi ambayo sikuitegemea. Vitufe vilikuwa zaidi ya 60 na miguu ya chipu ni 26, hivyo haiwezekani kila kitufe kipate waya wake. Vinaunganishwa kwa mistari 5 ya kulala na 14 ya kusimama, jumla nyaya 19. Chipu huuliza mstari mmoja baada ya mwingine, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, na panapokutana mstari wa kulala na wa kusimama ndipo inapojua kitufe gani kimeshuka. Kila kitufe hupewa dayodi yake, kwa sababu dayodi huruhusu umeme upite upande mmoja tu. Bila dayodi, ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili, umeme hurudi kinyumenyume na chipu hudhani hata pembe ya nne imebonyezwa. Mdogo wangu alikunja mguu wa kila dayodi kwa koleo, akaugusisha risasi, akangoja ing'ae na kutulia, ndipo akashika nyingine. Kila dayodi ina mkanda mweusi upande mmoja. Mikanda yote ilielekezwa upande ule ule.

Fimwea nayo ilikuwa na safari yake. QMK ni mafaili mengi, mamia ya megabaiti, na kuipakua kunataka bando la kutosha na mtandao usioyumba. Tulinunua bando la usiku, bei yake ikiwa nafuu, tukaiacha laptopu kwenye dirisha linaloelekea mnara. Mvua ya masika ikanyesha, umeme ukakatika, betri ikaisha. Asubuhi hatukuwa na bando wala QMK. Usiku uliofuata Mama alikaa macho mwenyewe, ameshika rozari mkono mmoja na tochi mkono wa pili, mpaka laptopu ilipomaliza. Hakutaka mtu mwingine aachiwe zamu hiyo.

Mdogo wangu aliipa kibodi yetu jina la muheza, na mpangilio wa herufi akaupa jina la mama, ili kila mara anapoiamuru kompyuta ijenge fimwea, majina hayo mawili yaandikwe pamoja. Akaijenga, akaipakia, akachomeka waya. Tukaizunguka meza. Mama alivaa miwani, akaweka vidole mahali pake, akaandika jina lake.

Hakikutokea kitu. Akaandika tena. Skrini ikabaki nyeupe.

Ni katika saa hiyo hiyo Mjomba alipobisha hodi, ameshuka tena na mapea.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Vipi, mmefiwa? Mbona mmekaa hivi?"

Alipoelezwa, hakuficha fikra zake. Fedha imekwenda, meza imekwenda, kitambaa kimetobolewa, na kitu chenyewe hakisemi. Alitaka kitupwe, inunuliwe kibodi ya kawaida, na dada yake apumzike. Mdogo wangu hakujibu. Kumjibu mjomba mbele ya mama si malezi yetu. Akageuza kibodi, akachukua kipima umeme, akaanza kufuata waya mmoja baada ya mwingine. Risasi ilikuwa imeshika kote. Hakuna waya uliokatika. Ndipo alipouliza, "Dada, hebu nisomee faili. Upande wa dayodi limeandikwa neno gani?"

Nikasoma kwenye laptopu: COL2ROW. Maana yake umeme unatoka mstari wa kusimama kwenda wa kulala. Mikanda myeusi ya dayodi zetu ilikuwa inaangalia mstari wa kusimama. Kwenye kibodi, umeme uliruhusiwa kupita kinyume na vile faili lilivyodai, hivyo chipu ilikuwa ikiuliza kupitia mlango uliofungwa.

Kama fimwea ingekuwa imefungwa, tungelazimika kung'oa dayodi zote na kuzigeuza. Mdogo wangu alifuta neno lile, akaandika ROW2COL, akajenga fimwea upya. Mama akaandika jina lake, na jina likasimama kwenye skrini, lote. Mjomba alisogea, akaomba aguse. Akaandika Lushoto, taratibu, kwa kidole kimoja.

Ningependa kusema kisa kiliishia hapo. Kibodi ilikuwa imepata sauti, lakini bado haikuwa ya Mama.

Tatizo la kutetemeka lilikuwa pale pale. Kila swichi ina vipande vya chuma vinavyogusana, na vikigusana hudundadunda kidogo kabla ya kutulia. QMK hungoja milisekunde 5 ili mdundo huo upite. Muda huo unatosha kwa chuma. Kwa kidole cha mzee hautoshi, kwa sababu kidole kinachotetemeka huinuka na kushuka tena baadaye zaidi, na chipu huhesabu mara mbili. Mdogo wangu aliongeza mistari michache ya msimbo. Kila kitufe kikiachiliwa, chipu iandike saa. Kitufe kile kile kikibonyezwa tena kabla ya milisekunde 150 kupita, kisitume chochote.

Kkwa ikawa kwa. Ssisi ikawa sisi. Mama aliandika jioni nzima kwa furaha, mdogo wangu akarudi stendi ameridhika, na mimi nikaomba meza yangu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Mama amekaa mbele ya laptopu bila kuandika, uso umebadilika. Alinionyesha skrini. Sura ya babu yetu, ile aliyokuwa ameianza jana, ilianza hivi: "Mze alikuwa mtu wa heshima." Kote alikotajwa, babu alikuwa Mze. Saa zake zilikuwa sa. Kondoo wa mahari walikuwa kondo.

"Baba yangu," Mama alisema, "amepunguzwa."

Nilimpigia mdogo wangu simu na akaacha wateja. Hakuna aliyecheka nyumbani siku ile. Msimbo uliozuia kutetemeka ulikuwa umezuia pia herufi mbili za kweli, na Kiswahili kinazo tele: mzee, saa, juu, kondoo, kukaa. Mama ni mpiga chapa wa kazi. E mbili za mzee huzipiga haraka kuliko mtetemeko ulivyopangiwa.

Waliketi pamoja mchana kutwa, mama na mwanawe, na nadhani huo ndio mchana bora wa kisa hiki chote. Mdogo wangu aliandika kiprogramu kidogo kinachoonyesha muda uliopita kati ya kuachilia kitufe na kukibonyeza tena. Mama akapewa maneno ya kuandika, mengine yenye herufi mbili, mengine yasiyo nazo. Ikaonekana kwamba mtetemeko hurudi upesi mno, mara nyingi kabla ya milisekunde 60, na E mbili za makusudi huchukua 90 au zaidi. Jioni, mikono ikichoka, mipaka hiyo husogeleana.

Mama ndiye aliyepata jawabu, na alilipata katika lugha. Alisema irabu zinarudiwa kila siku, kwa hiyo zisibanwe. M na N pia ziachwe, maana kuna mmoja, mmea na nne. Konsonanti nyingine hazirudiwi isipokuwa kwenye majina ya watu, na kwenye jina kama Abdallah au Hassan yeye mwenyewe atangoja kidogo kabla ya kupiga herufi ya pili. Mdogo wangu akagawa: irabu pamoja na M na N zikapewa milisekunde 70, nyingine zikabaki na 150. Mzee akarudishiwa E yake. Mama alipitia sura nzima kumsahihisha babu kila alipotajwa, na hakukubali nimsaidie.

A nayo ikaleta mzozo wake. Mdogo wangu alitaka kuihamisha mara moja ikae chini ya kidole chenye nguvu. Mama alikataa. Vidole vyake vimekwenda kwa njia ile tangu usichana, akaona kuhamisha A ni kumhamisha yeye. Wakapatana hivi: A ibaki mahali pake, lakini kitufe kirefu cha nafasi, ambacho tangu mwanzo kilikuwa kimegawanywa viwili, kifanye kazi mbili. Kidole gumba cha kulia kibonyeze nafasi, cha kushoto kibonyeze A. Fimwea haina taabu na vitufe viwili vya herufi moja. Mama hakuahidi kwamba atakitumia.

Sikumwambia nilichokiona wiki zilizofuata. Gumba lilianza kuibia. Kwanza kwenye mwisho wa maneno, kwa sababu karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na A ikifuatwa na nafasi magumba mawili hupokezana: kushoto, kulia. Kisha katikati ya maneno. Kidole kile kilichokaza kikawa kinakaa tu juu ya kitufe chake, kimetulia, bila kudaiwa kitu. Q, iliyokuwa haina kazi, ilipewa ng' nzima kwa mguso mmoja, alama ya ritifaa ikiwamo, ili ng'ombe na ng'ambo zisimlazimishe kunyoosha kidole hadi ukingoni. Na Shift ikapangwa iguswe na kuachwa: ukiigusa mara moja, herufi inayofuata huwa kubwa, hakuna kushikilia.

Kila badiliko Mama alitaka liandikwe. Alileta daftari la kaunta lenye jalada gumu, akachora safu kama alivyozichora ofisini: tarehe, faili gani, mstari upi, ulikuwaje, umekuwaje, sababu. Mdogo wangu alisema yote yamo kwenye kompyuta. Mama akamjibu, "Kazi ya ofisi haiachwi kichwani mwa mtu mmoja, baba. Mtu huhama."

Naye akahama. Alipata kazi Dar es Salaam, akaondoka na begi lake la bisibisi, na meza ikawa ya chakula tena. Kibodi ya mtiki ikakaa kwenye dawati la Mama dirishani.

Msimu wa machungwa ulipofika, Muheza ikajaa. Malori yalipakia usiku na mchana, mengine ya Dar es Salaam, mengine ya kuvuka mpaka kwenda Kenya, na kila nyumba ilikuwa na gunia mlangoni. Mjukuu alikamua juisi ya bibi yake kwa mapenzi yote, akaijaza bilauri hadi pomoni, akaiweka kando ya kibodi.

"Bibi, nimekuletea."

Bilauri ilipinduka kuelekea upande wa kulia. Tulifuta, tukakausha, tukaianika kibodi uso chini. Baada ya muda ikafanya kazi, tukamshukuru Mungu. Asubuhi sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka dirishani hadi katikati ya mtiki, wakiingia na kutoka chini ya herufi moja. Mama alipochomeka waya, ukurasa ulijaa k, mstari baada ya mstari. Kitufe cha K kilikuwa kimenata chini.

Bila K hakuna sura inayokwenda. Jaribu kuandika habari za ukoo bila kwa, bila kuwa, bila kaka wala kijiji. Mjukuu alilia. Mama alimpakata, akamwambia kitu kilichoundwa hapa nyumbani hutengenezwa hapa nyumbani, kisha akanitazama mimi.

Mdogo wangu alikuwa kazini, simu haipokelewi. Nikafungua daftari. Mama alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa ofisini, hatua kwa hatua, kama agizo la kazi. Nilifungua faili la keymap.c kwenye laptopu, nikitumia kibodi ya laptopu yenyewe. Nikatafuta KC_K, nikaweka mahali pake KC_NO, yaani kitufe kisichotuma chochote, ili ile swichi iliyonata inyamaze. Kisha nikatafuta KC_X, herufi tusiyoihitaji, nikaandika KC_K juu yake. Nikaamuru kompyuta ijenge muheza kwa mpangilio wa mama. Mistari ilipita kwenye skrini, ya mwisho ikasema kazi imekamilika. Haikuhitaji bando wala ruhusa ya mtu.

Nilichomoa waya, nikabonyeza kitufe kidogo cheupe kilichoandikwa BOOTSEL kwenye Pico, nikachomeka tena huku nimekishikilia. Laptopu ikaonyesha diski mpya iitwayo RPI-RP2, kana kwamba nimechomeka flashi. Nikakokota faili, nikaliachia humo. Diski ikatoweka yenyewe. Ndiyo dalili kwamba chipu imelipokea. Mama akasogea, akatafuta X kwa kidole, akaibonyeza. K ikatokea. Akaandika neno kisa, kisha akaendelea na sentensi aliyoiacha jana.

Sisimizi niliwatoa kwa brashi na spiriti. Swichi mpya ilikuja kwa basi, fundi redio wa mjini akaibadilisha, nami nikairudisha K kwake na X kwenye uvivu wake. Safu zote za daftari nilizijaza, na Mama akaweka sahihi pembeni.

Jioni mdogo wangu alipiga simu, akasikia habari yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba nimtumie faili langu la keymap.c, kwa sababu lililoko kwake Dar es Salaam limepitwa. Ana mteja anayetetemeka mikono kama Mama, na alitaka kumwanzia pale tulipofika sisi. Nikamtumia. Leseni ya QMK, ile ya GPL, inasema anayempa mtu mwingine programu hiyo ampe pia msimbo wake na haki ile ile ya kuubadilisha. Ninaiamini leseni hiyo kwa moyo wangu wote tangu siku ya machungwa. Kama Jun Wako na Jack Humbert wangeifunga kazi yao, kibodi yetu ingekufa kwa bilauri moja ya juisi, na Mama angekuwa anangoja mtu wa mbali aamue kama mkono wake unastahili kuhudumiwa.

Sasa nakala iliyo sahihi ipo Muheza. Mama amefika sura ya shamba la mkonge, na ameshaniagiza tukimaliza sura hiyo tuitazame E, kwa sababu nayo, anasema, inamchosha.